Mama hawezi tena kuachwa peke yake: maswali kuhusu kuchagua nyumba ya wazee Marekani

Waswahili wengi wa Marekani wanazijua nyumba za wazee kwa ndani, maana ndimo wanamopatia riziki: zamu za usiku, kuogesha, kulisha na kugeuza wazee wa watu. Mambo hubadilika siku mzee wa kugeuzwa anapokuwa wako.

Mama amepata kiharusi. Hospitali imetupa orodha ya nyumba na inataka jibu kesho. Tuanzie wapi?

Anzeni na hali yake. Asiyeweza kugeuka kitandani, anayelishwa kwa mpira au mwenye vidonda anahitaji nyumba ya uuguzi, ambayo sheria ya nchi nzima inaitaka iwe na muuguzi mwenye leseni saa 24. Makazi ya usaidizi ni kitu kingine: mzee ana chumba chake, anasaidiwa kuoga, kuvaa na kukumbuka dawa. Makazi hayo yanafuata kanuni za kila jimbo, kwa hiyo msidhani ya Texas ni sawa na ya Minnesota.

Kisha fungueni tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali inayowahudumia hasa wazee, inayoitwa Care Compare, inayozipa nyumba za uuguzi nyota 1 hadi 5. Mimi nyota ya jumla siipi uzito sana. Nasoma nyota ya idadi ya wafanyakazi, halafu ripoti ya wakaguzi yenyewe, neno kwa neno.

Tukienda kuitazama, tuangalie nini?

Msiende Jumanne saa nne asubuhi, meneja akiwa mlangoni na maua mezani. Nendeni Jumapili, wakati wa chakula cha jioni. Simameni kwenye korido mhesabu dakika: taa ya kengele imewaka juu ya mlango, nani anakuja, na baada ya muda gani? Harufu ya mkojo kwenye chumba kimoja ni ajali. Ikiwa korido nzima inanuka, hapo watu hawatoshi. Tazameni sinia: chakula kimepoa mbele ya mzee asiyeweza kushika kijiko, au kuna mtu ameketi anamlisha? Mkimkuta msaidizi anayezungumza lugha yenu, mvuteni pembeni mumwulize usiku huwa na wazee wangapi. Huyo ndiye anayejua.

Nani analipa?

Hapa wengi huumia. Medicare hailipii kuishi humo. Inalipia matibabu na mazoezi ya muda baada ya hospitali, hadi siku 100: siku 20 za kwanza bila mchango wenu, zilizobaki mnachangia kila siku, na inaweza kukoma mapema akiwa hahitaji tena huduma hiyo. Medicare ya kawaida, yaani ile isiyopitia kampuni binafsi ya bima, pia inataka awe amelazwa rasmi siku 3 mfululizo. Usiku aliowekwa “chini ya uangalizi” hauhesabiwi, hata kama alilala kitanda kilekile, basi ulizeni mapema ameandikwaje. Malipo ya muda mrefu hutoka mfukoni au Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, yenye masharti ya kipato na mali. Mzazi mwenye kadi ya kijani ambaye yeye wala mwenzi wake hakufanya kazi Marekani, hawezi hata kuinunua Medicare kabla ya kutimiza miaka 65 na kuishi nchini miaka 5 mfululizo.

Wametuletea karatasi nyingi za kusaini.

Saini kama mwakilishi wa mama, usisaini kama mdhamini. Nyumba ya uuguzi inayopokea Medicare au Medicaid hairuhusiwi kumlazimisha ndugu adhamini deni kwa fedha zake ndipo mgonjwa apokelewe. Wala hawawezi kukulazimisha ukubali kwamba mkikosana hamtakwenda mahakamani.

Ndugu wa nyumbani wanasema tumemtupa.

Wapigieni simu ya video saa nane usiku, mama akihitaji kuinuliwa na watu wawili, na wewe uko peke yako na saa kumi na mbili unaingia kazini. Kutupa ni kutokwenda kumwona.

Akishaingia, sisi kazi yetu ni ipi?

Nendeni kwa saa zisizotabirika. Kama usahaulivu umemrudisha kwenye Kiswahili kitupu, bandikeni ukutani maneno yake: maji, choo, naumwa, baridi. Chai ya maziwa kwenye chupa msimpe kabla hamjaongea na mtaalamu wa kumeza. Aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa, kitu chepesi kikaingia mapafuni na kuleta nimonia, tena wengine hata hawakohoi.

Malalamiko yasiposikilizwa, kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, anaitwa ombudsman, na msaada wake ni bure.

Na mfunueni. Tazameni visigino, nyonga na juu ya makalio. Vitabu vingi husema kidonda cha kulalia huanza na wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo unaweza usionekane: tafuteni sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, yenye zambarau, moto au ugumu ukiigusa kwa mgongo wa mkono. Mkiikuta, mwiteni muuguzi wa zamu papo hapo, mumwulize amegeuzwa saa ngapi mara ya mwisho, na mwombe aandike kwenye faili mkiwa mmesimama pale.