Kasuku aliyempandisha Bibi ngazi bure

Kazi yangu hapa Amu, mji wa Lamu, ni punda: kwato zilizopasuka, vidonda vya shogi, minyoo. Lakini mwezi haupiti bila mtu kunisimamisha mtaani Langoni na kunilalamikia, "Daktari, kasuku wangu mwaka sasa, hasemi!" Nami humwuliza, nani huzungumza naye? Mara nyingi jibu ni simu. Amerekodi "asalamu aleikum", anaiweka karibu na tundu, inajirudia kutwa.

Kuna bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani ambaye mwanawe alifanya hivyo hivyo. Tundu liko chini, kiwandani, ule ua wa ndani, karibu na mlango. Bibi mwenyewe anakaa juu. Miezi ikapita, salamu haikutoka. Kisha asubuhi moja ikasikika "Hodi!", sauti nzito, ile ile ya muuza samaki. Bibi akaitikia "Karibu!", akateremka taratibu na magoti yake, akafungua mlango. Hakuna mtu. Alipandishwa na kuteremshwa hivyo mara tatu kabla hajagundua. "Mwanangu," akaniambia, "huyu mdudu ananifanya mtumwa wake."

Kasuku hakukosea somo, alichagua neno lenye kazi. Mtu akisema "hodi" nyumba huamka: kuna kuitikia, kuna miguu ngazini, mlango unalia, watu wanacheka na kubishana bei ya changu. Salamu ya simu haikuitikiwa na yeyote, hata Bibi mwenyewe. Ungekuwa wewe, ungejifunza ipi?

Huyu ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Kwetu Kenya wamebaki wachache mno upande wa Kakamega. Kule huishi kwa makundi, na asiyeonekana huitwa, naye hujibu. Ukimweka nyumbani peke yake, kundi lake ni wewe. Maneno yako anayashika kwa sababu ndiyo yanayokuleta. Ndiyo maana pia alfajiri na magharibi hupiga kelele zaidi, ndio wakati wa kundi kuitana. Basi usimfunike kitambaa kwa hasira saa hizo. Mjibu.

Sauti yenyewe haitoki kooni kama yetu. Iko chini kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafuni, kwenye kiungo kiitwacho sirinksi. Kisha ule ulimi wake mnene unaigeuza geuza. Hana meno wala midomo, na bado "hodi" ya muuza samaki inatoka na mikwaruzo yake yote.

Sasa kufundisha. Mtu aliyetufungua macho ni mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg. Mwaka 1977 alinunua kasuku katika duka la Chicago, akamwita Alex, akafanya naye kazi mpaka ndege alipokufa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 31. Alex alijua maneno zaidi ya 100, akitaja rangi, maumbo na idadi ya vitu. Hakufundishwa kwa kukaririshwa. Watu wawili walizungumza mbele yake, mmoja akiuliza, mwenziwe akijibu, na aliyejibu sawa akipewa kitu chenyewe kilichotajwa.

Kwa Bibi tulifanya hivyo na mjukuu wake. Bibi anashika ndizi: "Nini hii?" Mjukuu: "Ndizi!" "Haya, shika ndizi yako." Anakula pale pale, polepole, kasuku akimtazama kwa jicho moja. Mara nyingine mjukuu anaboronga kwa makusudi, Bibi anaificha ndizi na kugeuza uso. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, basi. Ukipitisha hapo mnachoka wote. Na zawadi iwe kile kile ulichotaja. Ukimfundisha "ndizi" kisha ukampa karanga, umemfundisha nini?

Wengi huanza kusema wakifika mwaka mmoja hivi, wengine hukawia, na wapo wasiosema maisha yao yote. Anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hivyo fikiria pia nani atamrithi.

Chakula ndicho kinachonikera zaidi. Alizeti tupu! Mimi mwenyewe nililifanya kosa hilo na kasuku wangu wa kwanza, miaka miwili, mpaka pua zikaziba na manyoya yakafifia. Alikuwa amekosa vitamini A. Mpe boga, karoti, mchicha, papai, embe, na pilipili akitaka, kwa maana ndege hasikii ukali wake. Parachichi, chokoleti na kahawa ni sumu kwake. Na lililo kubwa katika nyumba zetu: chetezo. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa, moshi kidogo tu humwingia mwilini kwa kasi. Ukifukiza udi au kuchoma dawa ya mbu, mhamishe kwanza. Hata kikaango kisichogandisha, kikiunguzwa kitupu jikoni, mvuke wake huua ndege kwa dakika chache.

Ukimwona amejinyonyoa kifua, usikimbilie dawa ya kupaka. Mlete nimpime, lakini jiulize pia anakaa peke yake saa ngapi.

Na kabla hujanunua, sikiliza. Tangu 2017 CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini, na hapa nchini kumfuga kunataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Akiletwa na mtu kwenye kikapu, usiku, bila karatasi, usimchukue hata ukimhurumia. Ukinunua mmoja, yule bwana atarudi msituni kutafuta wengine.

Kasuku wa Bibi alisema "ndizi" katika mwezi wa tano wa mafunzo. "Hodi" hakuiacha, kwa hivyo siku hizi Bibi hashuki, anauliza kwanza. Juzi nilikwenda kumpunguza kasuku kucha, nikapiga hodi mlangoni.

"Nani?" Bibi akauliza kutoka juu.

Kabla sijafungua kinywa, muuza samaki akajibu kutoka tunduni: "Mimi!"