Tarehe 27 Agosti: mizinga ya Unguja, mlipuko wa Krakatoa na Katiba ya Kenya

Ikifika tarehe 27 Agosti, taarifa moja huzunguka kwenye makundi ya simu: leo ndiyo siku ya vita vifupi kuliko vyote duniani, vilivyopiganwa Unguja mwaka 1896 vikaisha kwa dakika 38. Wengi huisindikiza kwa vikaragosi vya kicheko. Sisi tunaofanya kazi ya kutunza kumbukumbu huulizwa kama habari hiyo ni ya kweli. Ni ya kweli, ila imekatwa kichwa na miguu.

Tuanze na kichwa. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, na mjini wakaanza kunong'ona kuwa amelishwa sumu. Kabla jua halijatua, Khalid bin Barghash alikuwa ameshaingia ikulu na kujitangaza Sultani. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1893, kiti kilipobaki wazi, aliwahi kuingia humohumo akashawishiwa kutoka. Safari hii aligoma. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna anayekalia kiti bila ridhaa ya balozi wao. Wao walimtaka Hamoud bin Mohammed.

Balozi Basil Cave akapeleka simu ya maandishi London kuomba ruhusa ya kutumia nguvu, akapewa. Bandarini zikakusanyika manowari tano chini ya Admirali Harry Rawson: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Khalid akapewa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera. Asubuhi hiyo alijibu kwamba hana nia ya kuishusha, na kwamba haamini Waingereza watampiga. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza kunguruma.

Ndani ya ikulu walikuwamo karibu watu 2,800, na wengi wao hawakuwa askari: watumishi, watumwa, raia waliopewa bunduki siku ileile. Bandarini Sultani alikuwa na merikebu moja ya vita, Glasgow, iliyojengwa 1878 kwa ajili ya baba yake Khalid, Sayyid Barghash. Ilithubutu kuifyatulia St George, ikapigwa na kuzama palepale kwenye maji mafupi. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi, na watu wa mjini wakawa wanaiona kila watazamapo bahari, hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912.

Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa ni kama 500. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja, akapona. Jambo ambalo taarifa za simu haziligusi ni kwamba askari wa Kizanzibari wapatao 900, waliofunzwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, walisimama upande wa Waingereza. Ndugu wa kisiwa kimoja walielekezeana bunduki, na hilo peke yake lingetosha kuondoa kicheko.

Na zile dakika 38? Vitabu vingine vinasema 40, vingine 45. Tofauti inatokana na pale unapoanzia na unapomalizia kuhesabu: amri ilipotolewa au kombora la kwanza lilipotoka, mizinga iliponyamaza au bendera ilipodondoka. Ukikutana na idadi tatu tofauti za jambo moja, usikimbilie kusema kuna mwongo. Uliza kwanza kila mmoja alikuwa anapima nini.

Sasa miguu. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akakaa humo zaidi ya mwezi huku askari wa Kiingereza wakimvizia nje ili akikanyaga ardhi ya Unguja tu wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya Wajerumani ikasogezwa hadi kwenye lango la ubalozi upande wa bahari. Akapanda bila kukanyaga ardhi ya nje, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata miaka 20 baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927. Waliomuunga mkono walitozwa fidia, ikiwemo gharama ya makombora yaliyowapiga. Aprili 1897, Sultani mpya Hamoud akatia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Beit al-Hukm, moja ya majengo ya ikulu yaliyopigwa, haikusimama tena. Beit al-Ajaib, jengo jingine la ikulu, ilinusurika, ikakarabatiwa na kuwekewa mnara wa saa mbele. Mnara huo ulianguka pamoja na sehemu ya jengo Desemba 2020.

Hapa kuna jambo la kuwa nalo makini kuhusu orodha za "siku kama ya leo". Kwa Waswahili wengi wa wakati ule siku ya mizinga haikuwa 27 Agosti. Ilikuwa katika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mwaka 1314 Hijria. Chukua tukio jingine kubwa la tarehe hiyohiyo, mlipuko wa volkano ya Krakatoa mwaka 1883, kati ya visiwa vya Java na Sumatra. Kwa kalenda ya Hijria huo uliangukia Mfungo Mosi, mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani. Kwa kalenda moja matukio hayo mawili ni ya siku moja. Kwa nyingine hayana udugu wowote. Hata ndani ya kalenda moja mambo hayajatulia: mlipuko mkubwa kuliko yote ulitokea saa 4 na dakika 2 asubuhi kwa saa za huko, na wakati huo New York walikuwa bado kwenye usiku wa tarehe 26.

Krakatoa iliua zaidi ya watu 36,000, wengi wao kwa tsunami, si kwa moto. Kisiwani Rodrigues, kilometa karibu 4,800 kutoka Krakatoa, upande huu wa Bahari ya Hindi, mkuu wa polisi aliandika kwamba amesikia kitu kama mizinga ya meli iliyo mbali. Sauti ilikuwa imesafiri kama saa nne. Mwaka uliofuata mawe mepesi ya volkano hiyo, yale yanayoelea, yaliletwa na mikondo ya bahari hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hilo ndilo fungamano la kweli kati ya pwani hii na Krakatoa, na halihitaji tarehe kulithibitisha.

Orodha ya 27 Agosti ina mengine. Mwaka 1963 alifariki W.E.B. Du Bois, msomi na mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, mjini Accra akiwa na miaka 95, siku moja kabla ya maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki hizo. Mwaka 1975 alifariki Haile Selassie, aliyekuwa mfalme wa Ethiopia, akiwa mikononi mwa wanajeshi waliompindua. Serikali ilitangaza kifo cha maradhi, lakini mifupa yake ilifukuliwa mwaka 1992 ndani ya eneo la ikulu, na hapo ile taarifa ya maradhi ikakosa wa kuiamini. Tarehe ya kifo cha aina hii tunaipata kwa watu waliokuwa na sababu ya kuficha, kwa hiyo mtu aisome akilijua hilo.

Lakini tukio ninalolipa uzito zaidi ni la Nairobi. Ijumaa ya tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani ya Uhuru Park, Rais Mwai Kibaki alitia saini na kutangaza rasmi Katiba mpya ya Kenya, iliyokuwa imepita kwa karibu asilimia 67 ya kura katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti. Ndiyo iliyoleta kaunti 47 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa.

Kuangukia tarehe ya vita vya Unguja ni sadfa. Ila ndani ya Katiba hiyo kuna ibara inayorudi moja kwa moja kwa yule Sultani ambaye kifo chake kilizua vita. Desemba 1895, miezi minane kabla ya kufa, Hamad bin Thuwaini aliwaachia Waingereza waendeshe ukanda wa maili 10 wa Mwambao, Mombasa, Malindi na Lamu zikiwemo, kwa malipo ya kila mwaka. Ukanda ulibaki wake kwa jina, na makadhi wakaendelea kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu. Ulipounganishwa na Kenya mwaka 1963, sharti mojawapo katika makubaliano ya London lilikuwa kwamba mahakama za makadhi zisiguswe.

Mwaka 2010 makanisa mengi yaliipinga rasimu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa mahakama hizo. Wengi walibishana kana kwamba ni kitu kipya kilichopenyezwa. Kilikuwa na umri mkubwa kuliko Kenya yenyewe. Leo kimo katika Ibara ya 170: kadhi anasikiliza mashauri ya hadhi binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele yake.