"Rap" si ufupisho wa maneno

Kuna ujumbe usiochakaa kwenye magrupu: eti "rap" ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza "Rhythm And Poetry", yenye maana ya "mdundo na ushairi".

Sivyo. Fungua kamusi kubwa ya Kiingereza, ile inayoonyesha historia ya maneno. Utakuta "rap" limemaanisha kugonga kwa karne nyingi, na baadaye likapata pia maana ya kusema. Kufikia miaka ya 1960 Wamarekani weusi walilitumia kwa maana ya kuzungumza au kupiga soga, na hip hop yenyewe ilizaliwa Bronx, New York, miaka ya 1970. Neno lilitangulia muziki.

Kinachowachanganya watu ni kwamba maelezo hayo ya ufupisho yanapendeza. Yanautetea muziki ambao wazee wengi wameuita kelele za wahuni. Hata mimi niliwahi kuyaamini. Na ushairi umo kweli: vina vimo, mapigo yamo. Aliyewahi kusikia shairi likighanwa hahitaji herufi tatu kumthibitishia hilo.

Ukiletewa tena ujumbe huo, usiusambaze. Mtumie aliyekuletea picha ya ukurasa wa kamusi, bila kumcheka.