Sosi ya piza ya kuweka kwenye chupa: maswali ya jikoni Nairobi

Nyanya za Mwea na Loitokitok zikijaa Marikiti bei hushuka, na hapo wengi hununua kreti nzima ili wapike sosi ya piza ya miezi kadhaa. Ni jambo zuri. Nyanya haziozi, na mwenye jiko ndiye anayeamua chumvi na sukari, jambo kubwa kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha au kisukari. Lakini sosi ikishafungwa ndani ya chupa na kuachwa kabatini, huweza kuzaa sumu ambayo pua na ulimi havitaitambua. Maswali haya huulizwa sana na wanaopika sosi nyumbani.

Mimi hupika sosi saa nzima mpaka iwe nzito, naitia kwenye chupa safi ikiwa bado moto, nafunga. Ikipoa kifuniko hubonyea ndani kabisa. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Makao yake ni udongoni, kwa hiyo huingia jikoni pamoja na mboga, hasa zile zinazomea chini ya ardhi kama vitunguu na saumu. Mambo yakiwa magumu hujifunga ndani ya gamba kama mbegu inayongoja mvua, na akiwa humo kuchemsha kwa kawaida hakumuui. Panatakiwa nyuzi 116 hadi 121 za Selsiasi, na joto hilo hupatikana tu kwa mvuke uliobanwa.

Sasa tazama tunapoishi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kule Mombasa. Sosi inayotokota mbele ya macho yako huko Umoja au Lang'ata haijafikia hata joto la maji yanayochemka pwani. Saa nzima ya moto imeua vijidudu vingi, ni kweli, ila mbegu hizi zimebaki.

Kifuniko kilichobonyea kinakuambia kwamba hewa imetoka, basi. Hakikuambii kwamba chakula ni salama, na bakteria huyu hustawi pale pasipo na hewa. Akikuta chakula kisicho na asidi ya kutosha, katika joto la kawaida la nyumba, huamka na kutoa sumu inayopoozesha misuli. Kiasi kidogo mno kinatosha kumlaza mtu mzima hospitalini. Sosi inaweza kubaki na rangi yake, harufu yake na ladha yake, na kifuniko kisivimbe.

Kwani nyanya si chachu tayari?

Zina asidi, lakini hazina kiasi cha kutegemewa. Bakteria huyu hushindwa kuota pale pH ya chakula (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi) inapokuwa 4.6 au chini yake, na nyanya ziko papo hapo mpakani. Nyingine ziko chini ya kiwango hicho, nyingine hukipita, hasa zikiiva kupita kiasi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ulimi nao hudanganywa na sukari ya nyanya yenyewe.

Ndiyo maana kila chupa huongezewa asidi. Kwa chupa ya lita moja tia vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau ya dukani, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki. Kwa chupa ya nusu lita, tumia nusu ya vipimo hivyo. Siki iliyoandikwa asilimia 5 nayo hufaa, vijiko vinne vya mezani kwa lita, ila ladha yake utaisikia. Weka asidi ndani ya kila chupa kabla ya kumimina sosi, usiitie kwenye sufuria, maana huko haigawanyiki sawasawa.

Limau la sokoni halifai kwa kazi hii. Ukali wake hutofautiana kutoka tunda hadi tunda, ilhali la dukani limepimwa. Ukiona sosi imekuwa kali mno, ongeza sukari kidogo siku ya kuila.

Na saumu, vitunguu, pilipili hoho? Sosi ya piza bila saumu haina ladha.

Nakubali. Lakini viungo hivyo vina asidi kidogo sana, na kila unavyoviongeza ndivyo unavyoisogeza sosi upande wa hatari. Kwenye chupa weka nyanya, chumvi kidogo na oregano kavu, basi. Siku ya piza, kaanga saumu na kitunguu kwenye mafuta, mimina sosi juu yake, iache itokote dakika kumi. Harufu itakuwa nzuri kuliko ya saumu iliyokaa kabatini miezi mitatu.

Ile saumu mbichi iliyozamishwa kwenye mafuta na kuachwa kando ya jiko ina hatari ileile. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, itumie ndani ya siku chache.

Nieleze basi namna ya kusindika, mwanzo hadi mwisho.

Chagua nyanya nzima, ngumu kiasi. Zioshe kwa maji yanayotiririka, zitumbukize kwenye maji moto kwa dakika moja mpaka ngozi ipasuke, zimenye, zisage, kisha zipike bila kufunika mpaka ziwe nzito. Sufuria ya chuma cha pua ndiyo bora, kwa sababu asidi ya nyanya hula alumini na kuacha ladha ya bati.

Tumia chupa zilizotengenezwa kwa kazi ya kusindika, zenye vifuniko vipya. Chupa ya jamu au ya siagi ya karanga inaweza kupasuka motoni, na kifuniko chake kilichokwisha kutumika hakifungi vizuri mara ya pili. Tia asidi, mimina sosi ikiwa moto, acha nafasi ya kama sentimita moja juu, futa mdomo wa chupa, funga. Tandika kitambaa ndani ya sufuria kubwa, kwenye kitako chake, panga chupa juu yake, na maji yazifunike kwa zaidi ya sentimita mbili. Anza kuhesabu muda pale maji yanapochemka kwa nguvu, si kabla.

Kwa sosi ya nyanya tupu, vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani ni dakika 45 kwa chupa ya nusu lita na 50 kwa ya lita, mahali penye mwinuko wa hadi mita 1,830 hivi. Juu ya hapo ni 50 na 55. Kwa kuwa ardhi yetu inapanda kadiri unavyoelekea Kikuyu na Limuru, ningemshauri kila mtu wa Nairobi atumie 50 na 55 asibahatishe. Maji yakiacha kuchemka katikati kwa sababu gesi imeisha, anza kuhesabu upya.

Nina presha kuka ya kupikia maharagwe. Si itafikisha joto hilo?

Usiitumie kusindika. Ni ndogo, hupata moto na kupoa haraka, na vipimo vya usindikaji havikujaribiwa kwa chombo cha aina hiyo.

Nikiiweka kwenye friza je?

Hii ndiyo njia ambayo ningependa nyumba nyingi zifuate. Inakula gesi kidogo, haihitaji chupa maalumu, na ndani ya barafu bakteria huyu hawezi kutoa sumu. Hata saumu na vitunguu vinaruhusiwa. Sosi ikipikika, igawe kwenye vyombo vidogo ipoe haraka, na iingie baridini kabla ya saa mbili kupita. Acha nafasi juu, maana ikiganda hupanuka. Gawanya kiasi cha piza moja kwa kila chombo. Itayeyukia kwenye friji, si juu ya meza, na iliyofunguliwa iliwe ndani ya siku tatu au nne.

Stima ikipotea usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi yapata saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Nyanya zilizopondeka ambazo mama mboga huuza bei ya kutupa jioni?

Zipike leo, mle leo. Ukungu hupunguza asidi ya nyanya, kwa hiyo hazifai kabisa kwa chupa. Zenye ukungu tupa.

Tayari nina chupa kadhaa kabatini, zina saumu, hazina limau, zina wiki mbili. Nikizichemsha upya?

Hapana, mpenzi msomaji, zitupe. Najua zimekula pesa na jasho. Muda wa kuokoa sosi kama hiyo ni ndani ya saa 24 za kwanza, kwa kuihamishia kwenye friji au friza. Usifungue, usionje. Taka zetu hupitiwa na watu wanaotafuta cha kuuza au kula, pamoja na mbwa, kwa hiyo usiziache juu ya pipa. Ukiwa na shamba zizike. La sivyo zifunge kwenye mfuko wa taka mzito, andika SUMU kwa herufi kubwa, umwambie mchukuaji taka kwa mdomo. Iliyovuja ilaze kwenye sufuria ya maji, maji yaifunike, ichemke dakika 30 kabla ya kuitupa.

Ugonjwa huu umewahi kuonekana Kenya?

Ndiyo. Mwaka 1980 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha taarifa ya mlipuko wa botulizimu, yaani ugonjwa unaoletwa na sumu hii, nchini Kenya miongoni mwa watu waliokula kumbikumbi.

Nitajuaje kwamba mtu amepata sumu hii?

Mara nyingi dalili huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Huenda akatapika kwanza. Kisha kope hulegea, anaona kitu kimoja kama viwili, mdomo unakauka, ulimi unakuwa mzito, anashindwa kumeza. Udhaifu hushuka kutoka usoni kwenda mikononi na miguuni, na hatimaye hufikia misuli ya kupumulia. Kwa kawaida hana homa, na akili yake iko timamu. Watu hudhani ni kiharusi, lakini kiharusi mara nyingi hushika upande mmoja, na hii hulegeza pande zote mbili.

Usimpe maziwa wala dawa ya tumbo, usingoje kesho. Mkimbize kwenye hospitali kubwa yenye chumba cha wagonjwa mahututi, kwa sababu anaweza kuhitaji mashine ya kumsaidia kupumua, na dawa ya kuzima sumu hufaa zaidi ikitolewa mapema. Mwambie daktari wazi kwamba alikula sosi iliyosindikwa nyumbani, na umpelekee ile chupa ikiwa imefungwa vizuri. Wote waliokula sosi hiyo waende naye, hata wale wanaojisikia wazima.