Kabla ya tiba ya kinga, mpime mgonjwa kilo

Mgonjwa wa saratani wa huku Kigoma akipewa rufaa ya hospitali ya Bugando au Ocean Road, ndugu huulizia nauli na bei ya dawa. Mizani haulizii mtu. Kama dawa inayotajwa ni ya tiba ya kinga, yaani pembrolizumab, nivolumab au za jamii hiyo zinazoachia kinga ya mwili ipambane na saratani, mimi ningeanzia hapo kwenye mizani.

Dawa hizi haziui seli za saratani zenyewe. Zinaondoa breki iitwayo PD-1 ambayo uvimbe huitumia kuzituliza seli T (askari wa kinga ya mwili), kisha kazi yote inabaki kwa seli T za mgonjwa. Seli hizo zikiamka huzaana kwa kasi, na kuzaana kunahitaji glukosi (sukari ya damu) na amino asidi (vipande vinavyojenga protini). Mwili uliokwisha kula misuli yake una akiba gani ya kutoa?

Kuna na jambo la pili. Dawa hizi ni kingamwili, yaani protini. Mgonjwa anayekondeshwa na saratani huvunjavunja protini haraka: za misuli, albumini ya damu, na dawa yenyewe. Kuongeza dozi si jibu. Waliokuwa wakiiondoa pembrolizumab mwilini kwa kasi tangu mwanzo walipata matokeo mabaya hata walipopewa dozi kubwa, kwa sababu kasi hiyo ni dalili ya ugonjwa uliokwisha kuuteka mwili. Albumini iliyo chini ya gramu 35 kwa lita nayo huwa dalili mbaya, ila usitegemee mayai yaipandishe: mara nyingi huwa imeshushwa na mchochota (kinga ya mwili inapowaka), si njaa.

Linganisha kilo za leo na za miezi sita iliyopita. Aliyekuwa na 60 akabaki na 56 amepungua karibu asilimia 7. Upungufu ukipita asilimia 5 bila mtu kukusudia kupungua, hali ni ya kushughulikiwa. Tumbo likijaa maji au miguu ikivimba mizani hudanganya, kwa hiyo pima mkono. Tepu ya fundi cherehani inatosha (ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo wa watoto, rangi zake hazimhusu mtu mzima). Mkono uning'inie umelegea, pima katikati ya ncha ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 23.5, huyo amekonda. Halafu mwambie asimame na kukaa kitini mara tano bila kushika kitu. Akizidi sekunde 15, misuli imepungua nguvu. Hata mnene mpime hivyo, maana misuli huisha chini ya mafuta bila kuonekana.

Lengo la kawaida ni kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini gramu 1 hadi 1.5. Kwa mtu wa kilo 50 ninalenga protini gramu 60 au zaidi: dagaa wakavu gramu 30, mayai mawili, kikombe cha maharage yaliyoiva, karanga gramu 50 na glasi ya maziwa vinafika. Ugali wa muhogo unajaza tumbo, protini karibu hauna. Dagaa walioanikwa mchangani waoshe mara kadhaa, wakaushe, kaanga bila mafuta, twanga, chekecha, tia kwenye uji. Kijiko cha chakula cha mawese kinaongeza kilokalori kama 120 bila kuongeza ujazo, na anayeshiba upesi anahitaji hicho hasa.

Je, kumlisha kunafanya dawa ifanye kazi zaidi? Hilo halijathibitishwa. Ila ushauri wa kumnyima sukari na nyama "ili saratani ife njaa" naupinga wazi, kwa kuwa anayekufa njaa kwanza ni mgonjwa.

Ambaye hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku tano asijazwe chakula ghafla. Madini ya damu, fosfeti na potasiamu, yanaweza kushuka na moyo ukayumba. Aanziwe kidogo hospitalini, apewe thiamini (vitamini B1) na kupimwa damu.

Akianza dawa kisha akakonda upya, usiseme tu kwamba hali chakula vizuri. Tiba ya kinga inaweza kuleta mchochota wa utumbo, kuvuruga tezi ya shingo na zile za juu ya figo, au kuleta kisukari. Akiharisha mara nne zaidi ya kawaida yake kwa siku, msinunue antibiotiki dukani. Pigeni simu kwa waliompa dawa siku hiyo hiyo.