Dhanteras: taa ya Yama kwanza, dhahabu baadaye

Siku mbili hivi kabla ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, maduka ya masonara nchini India hujaa watu mpaka usiku. Hiyo ndiyo Dhanteras, siku ya 13 ya nusu ya giza, yaani kipindi mwezi unapopungua angani, katika mwezi wa Kihindu wa Kartika. Dhahabu ndiyo inayotangazwa sana, lakini visa viwili vinavyoibeba siku hii vinahusu uhai.

Katika kisa cha kwanza, miungu na maasura, mahasimu wao, walisukasuka Bahari ya Maziwa wakitafuta amrita, kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ukawa upekecho, nyoka Vasuki akawa kamba. Humo alitoka Dhanvantari, tabibu wa miungu, mkononi ameshika chungu cha amrita. Lakshmi, mungu wa kike wa neema, naye alitoka bahari hiyo hiyo. Kisa cha pili ni cha mwana wa mfalme Hima, aliyetabiriwa kufa kwa kuumwa na nyoka siku ya nne ya ndoa yake. Mkewe alirundika mapambo yake mlangoni, akawasha taa tele, akakesha akimsimulia hadithi asilale. Yama, mungu wa mauti, akaja kwa umbo la nyoka. Mng'ao ukamtia kiwi, na kulipokucha akaenda zake.

Kwa hiyo taa ya Yama ndiyo moyo wa jioni hiyo, na inasikitisha kwamba ndiyo inayosahauliwa. Huwekwa nje ya mlango mkuu, utambi ukielekea kusini, upande wa Yama. Taa ya udongo iloweke majini saa kadhaa, kisha ikaushe vizuri: ikiwa kavu mno hunywa mafuta na kuzima mapema, ikibaki na maji utambi hutatarika. Sokota utambi wa pamba, uchovye wote katika mafuta ya ufuta au samli, ncha itokeze kama nusu sentimita tu. Ikizidi, hutoa moshi.

Tarehe nayo huwachanganya watu, kwa sababu siku inayohesabiwa kwa mwendo wa mwezi wa angani haianzi usiku wa manane. Mwaka 2025 ile ya 13 ilianza mchana wa Oktoba 18 kwa saa za India, ikaisha mchana wa Oktoba 19. Ibada hufanywa baada ya jua kuzama, hivyo jioni sahihi ilikuwa ya tarehe 18. Aliyepo Mombasa au Dar es Salaam apunguze saa mbili na nusu kwenye kalenda ya India.

Kununua si lazima kuwe dhahabu. Chombo cha shaba kinatosha, ila kisiingizwe nyumbani kitupu: tia mchele au maji. Katika jimbo la Maharashtra, India, watu hutoa sadaka ya mbegu za giligilani na sukari guru. Anayenunua dhahabu atazame muhuri: 916 ni karati 22, 999 ni karati 24. Gharama za ufundi wa pambo kwa kawaida hazirudi ukiliuza, kwa hiyo anayetaka akiba anunue sarafu.