Mzazi Akiugua TB, Kijana wa Nyumbani Naye Aangaliwe

Mzazi akigundulika na kifua kikuu (TB), familia huhangaikia nauli ya kliniki, chakula na kodi. Kijana wa miaka 13 au 16 husahaulika, kisa ameshakua. Kumbe ndiye anayepika na kuwaogesha wadogo zake, na usiku anasikiliza kikohozi cha chumba cha pili.

Mwelezeni ukweli mapema. TB isiyo sugu, yaani ile inayosikia dawa, kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayobaki dawa mbili. Vituo vya serikali Tanzania na Kenya hutoa dawa hizo bure. Mwambieni pia kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya machungwa au nyekundu. Kijana asiyejua akiukuta mkojo huo chooni, atadhani ni damu, na pengine hofu hiyo ataibeba peke yake.

TB huenea kwa hewa, si kwa sahani wala kikombe. Kumtengea mama vyombo hakumkingi mtu. Humfundisha kijana kumwonea mzazi wake aibu. Kinachosaidia ni madirisha wazi, mgonjwa kuziba mdomo akikohoa, na kijana kulala chumba kingine wiki za mwanzo za tiba, nafasi ikiwepo.

Kijana mwenyewe apelekwe kupimwa hata kama hakohoi. Akionekana hana TB, mhudumu ataangalia kama anafaa kupewa dawa za kinga.

Tunasisitiza hili: usimamizi wa dawa asikabidhiwe mtoto. Siku ya mtihani akiondoka alfajiri, dozi itarukwa. Mzazi akizidiwa, mtoto atajilaumu. Tena dawa zikikatizwa, TB inaweza kuwa sugu. Msimamizi awe mtu mzima, kama shangazi, baba mdogo au jirani mwaminifu. Kijana apewe kazi zenye kikomo, mfano ndoo mbili za maji akitoka shule, kisha aachwe na madaftari yake.

Mzazi akiridhia, mwalimu wa darasa ajulishwe. Kijana akijitenga, akikosa usingizi au akishuka masomo kwa wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya. Ushauri wa simu upo namba 116, bila malipo, Tanzania na Kenya. Akitamka kwamba anataka kufa, mpelekeni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake hata njiani.